Breki zinazojishika baada ya kilomita kumi

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninaishi Ngamiani, Tanga mjini, na ninaendesha pikapu ya mwaka 1994 yenye diski mbele na ngoma nyuma, ambayo huitumia kubeba machungwa kutoka Muheza na mara nyingine kuteremsha viungo kutoka Amani. Kwa muda wa miezi miwili sasa breki zinajishika. Asubuhi gari hutoka likiwa jepesi, lakini nikishatembea kama kilomita kumi pedali hupanda juu na kuwa ngumu, gari huwa zito, na magurudumu yote mawili ya mbele hutoa harufu ya kuungua. Nikiliacha kivulini nusu saa, hulegea lenyewe. Fundi wa kwanza alibadilisha pedi na kusafisha kalipa, yaani vishikio vinavyozibana pedi kwenye diski, tatizo likarudi siku ileile. Wa pili anataka ninunue kalipa mbili mpya pamoja na masta silinda, ile pampu kuu ya mafuta ya breki. Niongeze kwamba kabla ya haya kuanza, busta, kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu kwenye pedali, ilikuwa inavuja upepo, nikafungiwa nyingine ya mtumba. Je, ninunue vifaa hivyo?

JIBU: Marahaba. Usinunue chochote kwa sasa, na mpaka tujue kinachobana, nakusihi usilipandishe gari hilo Amani.

Barua yako ina habari tatu ambazo mafundi wote wawili walipaswa kuzisikiliza kabla ya kushika spana. Magurudumu mawili yanashika kwa wakati mmoja. Yanashika yakipata moto na kulegea yakipoa. Na yote haya yalianza busta ilipobadilishwa. Kalipa mbili haziharibiki kwa pamoja siku moja, labda kwa nadra sana, na pistoni iliyokwamishwa na kutu haina sababu ya kujikwamua kila gari linapowekwa kivulini. Kwa hiyo mimi ningeanza kutafuta juu, kwenye pedali, busta na masta silinda, ambako ndiko mafuta ya breki za magurudumu yote yanakotoka.

Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana linalounganisha silinda na kikopo cha mafuta. Ukiachia pedali, pistoni hurudi nyuma kabisa, raba yake hulipita tundu hilo, na mafuta yaliyosukumwa hupata njia ya kurudi kikoponi. Kati ya busta na pistoni kuna kifimbo cha kusukuma. Kifimbo hicho kikiwa kirefu kupita kiasi, hata kwa milimita moja tu, pistoni haifiki mwisho wa safari yake na raba hubaki imeliziba tundu. Asubuhi hutaona tofauti, kwa sababu kila kitu kimepoa. Ukianza kutumia breki, mafuta hupata joto na kutanuka, na kwa kuwa hayana pa kwenda, husukuma pistoni za kalipa, pedi hugusa diski, msuguano huzidisha joto, na joto huzidisha mbano. Ndiyo maana pedali yako hupanda: mafuta yamekwisha kujibana yenyewe kabla hujaikanyaga. Ngoma za nyuma huchelewa kuonyesha dalili kwa kuwa zina springi za kuvuta viatu vya breki virudi. Busta ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina nyingine, au hata la aina hiyohiyo, inaweza kuja na kifimbo kilichorekebishwa kwa urefu usiofaa gari lako.

Hayo ni makisio yangu, na makisio hayatoshi kufungua mfuko. Kipimo chenyewe hakigharimu chochote. Endesha mpaka breki zishike, kisha usimame mahali tambarare, uzime injini, uweke kabari kwenye magurudumu ya nyuma na kuinua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Usiguse diski kwa mkono, na usiimwagie maji, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Jaribu kulizungusha gurudumu ukishika tairi, litakuwa gumu. Sasa legeza kwa uangalifu zile nati zinazofunga masta silinda kwenye busta, uivute mbele milimita mbili au tatu tu bila kupinda mabomba. Gurudumu likilegea papo hapo, kosa ni la kifimbo, au la busta isiyorudi, au la pedali yenyewe. Kabla ya kuilaumu busta, chungulia chini ya usukani: swichi ya taa za breki ikifungwa ndani mno huizuia pedali kurudi, na hilo hurekebishwa kwa dakika tano. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa ili kumaliza nguvu ya busta, kisha uisukume kwa kidole. Inapaswa kuwa na mchezo wa milimita 3 hadi 6 katika magari mengi kabla haijaanza kukaza. Ikiwa haina mchezo wowote, umekwisha kupata mahali pa kuanzia.

Ikiwa kulegeza masta silinda hakukubadilisha kitu, zirudishe nati na ulegeze bomba linalotoka kwenye masta silinda hiyo kwenda mbele, ukiwa umeweka kitambaa chini kwa sababu mafuta ya breki hula rangi. Gurudumu likilegea hapo, mafuta yamezuiwa ndani ya masta silinda. Lisipolegea, fungua nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi, mpira wa breki, lile bomba laini linaloingia kwenye kalipa, umevimba ndani ukawa kama vali: mguu wenye nguvu huyapitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Kwa nje mpira wa namna hiyo huonekana mzima kabisa, na nimeona watu wakibadilisha kalipa zaidi ya mara moja kwa sababu yake. Nipeli ikifunguliwa na gurudumu likabaki gumu, hapo ndipo kalipa, pedi au beringi inapostahili kushukiwa. Baada ya kufungua bomba au nipeli, toa upepo na uhakikishe pedali ni imara kabla gari halijaingia barabarani.

Kifimbo kikithibitika kuwa kirefu, fundi aitoe masta silinda, abandike donge dogo la plastisini ndani ya shimo la pistoni ambamo kifimbo huingia, airudishe mahali pake bila kukanyaga pedali, aitoe tena na kutazama. Donge likiwa limebanwa likaisha na kifimbo kikaonekana kukutana na pistoni, kifupishwe kwa kuzungusha nati yake mpaka ubaki uwazi mdogo usiofika milimita moja. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Asifupishe kupita hapo, kwa sababu pedali itashuka mno kabla breki hazijashika.

Jambo moja jingine ulitazame leo kabla ya kulala. Fungua kikopo cha mafuta ya breki na uangalie raba ya mfuniko. Ikiwa imevimba, imekuwa laini na haitaki kurudi mahali pake, kuna mtu aliongeza oili ya injini au ya usukani. Oili hizo huvimbisha raba za breki, na raba iliyovimba ndani ya masta silinda huziba lile tundu sawasawa na kifimbo kirefu. Ikiwa ndivyo, kurekebisha kifimbo hakutakusaidia: raba zote za mfumo, pamoja na mipira, zitabadilishwa na mabomba yasafishwe. Ni gharama kubwa na inaumiza, lakini hakuna njia ya mkato.

Kwa vyovyote vile, badilisha mafuta yote, kwa kuwa yamekwisha kupata moto mkali mara nyingi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango chake cha kuchemka kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa hewa ya pwani yetu, miaka miwili bila kuyabadilisha ni mingi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: pedali itakwenda mpaka chini bila gari kusimama. Katika mteremko wa Amani, ukiwa na magunia nyuma na wapita njia mbele yako, hiyo si hatari ya kubahatisha.

SWALI: Mimi hubeba samaki kutoka Pangani kuja Tanga. Kwenye pikapu yangu ni ngoma moja tu, ya nyuma kushoto, inayopata moto. Je, ni tatizo hilohilo?

JIBU: Hapana. Katika pikapu nyingi za zamani mpira mmoja hulisha magurudumu yote mawili ya nyuma, kwa hiyo moto wa upande mmoja unatoka kwenye gurudumu lenyewe au kwenye kebo ya hendibreki. Maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi hudondoka chini ya bodi na kuingia ndani ya ala ya kebo, ambako kutu huizuia kurudi hata kama mkono wa hendibreki umeshuka. Inua gurudumu, shusha hendibreki, na uichomoe kebo nyuma ya ngoma. Gurudumu likilegea, badilisha kebo. Kuitia oili husaidia kwa wiki chache tu. Lisipolegea, fungua ngoma na ukague kijiti cha hendibreki, wili silinda (silinda ndogo inayosukuma viatu vya breki) na springi. Springi iliyogeuka rangi ya samawati kwa moto imekwisha nguvu, na zibadilishwe za pande zote mbili. Kila ukimaliza kushusha samaki, suuza chini ya gari kwa maji baridi ya bomba, na usiku usivute hendibreki ikiwa kebo imelowa: liache gari kwenye gia na uweke kabari.