Pazo za mbao za watoto: namba ya HS ni 9503, si 4421

Dada, wakala wako wa forodha amekosea kuziweka pazo, yaani mafumbo ya kupanga vipande, kwenye 4421, ile ya bidhaa nyingine za mbao katika HS (mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba za forodha), eti kwa sababu zimetengenezwa kwa mbao. Kwa vitu vya kuchezea, kitu ni cha nini ndilo la msingi. Maelezo ya Sura ya 44 yenyewe yanaondoa bidhaa za Sura ya 95, ile ya vitu vya kuchezea na michezo, na Sura ya 39 ya plastiki inafanya vivyo hivyo. Kifungu cha 9503 kinataja waziwazi pazo za kila aina, kwa hiyo hata picha ya vipande elfu moja anayoipanga mtu mzima inaingia humo humo. Zamani pazo zilikuwa na namba yake, 9503.60, ila tangu 2007 zimeunganishwa kwenye 9503.00.

Angalia tu usizichanganye na ludo, drafti au domino. Hiyo ni michezo ya mezani, nayo iko 9504. Vitabu vya mafumbo ya maneno navyo ni machapisho, Sura ya 49.

Kwenye ankara mwambie muuzaji asiandike "bidhaa za mbao". Aandike pazo za watoto, idadi ya vipande na umri unaolengwa. Kabla hujalipia mzigo, omba TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) uamuzi wa awali wa namba hiyo kwa maandishi; sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakupa haki hiyo. Ambatanisha picha na maelezo ya bidhaa. Wakati huohuo waulize TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kuhusu cheti cha ubora, maana mzigo ukishafika bandarini bila karatasi, gharama za kuhifadhi zinakula faida yote.