Uliza Tukujibu: Ndoa na harusi za Athens ya kale

Toleo lililopita liligusia ndoa za Wagiriki wa kale kwa mistari michache tu, na barua zikamiminika. Hapa tunajibu zilizouliza mambo mahususi. Jibu lolote lisilotaja mji mwingine linahusu Athens ya karne ya 5 na ya 4 KK, maana ndiko kulikobaki hotuba za mahakamani na vyombo vingi vyenye picha za harusi.

Kitabu kimoja kinasema baba wa Mgiriki "alilipa mahari" ili bintiye aolewe. Kingine kinasema mchumba ndiye aliyetoa ng'ombe. Tushike lipi?

Yote mawili ni kweli, ila kila kitabu kina zama zake. Katika tenzi za Homer wachumba hushindana kwa zawadi, ng'ombe wakiwemo, na baba humpokea aliyewazidi wenzake. Katika Athens ya baadaye mkondo uligeuka: mali ilitoka kwa baba wa binti ikamfuata binti kwa mumewe. Wenyewe waliiita proiksi. Kuitafsiri "mahari" ndiko kunakowachanganya wasomaji, kwa sababu mahari tuijuayo huelekea upande wa pili. Afadhali kusema "mali aliyoolewa nayo".

Kiasi chake kilitegemea uwezo wa nyumba. Mizani ya fedha ilikuwa hivi: talanta 1 ni mina 60, mina 1 ni drakma 100, drakma 1 ni oboli 6. Mahakamani mara nyingi tunasikia mina 20 au 30 kwa binti wa nyumba inayojiweza. Katika michezo ya kuchekesha akina baba hutaja talanta 3 bila kupepesa macho, lakini hicho si kipimo cha mtaani.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mume aliishika mali hiyo bila kuimiliki. Matumizi na mapato yake yalikuwa yake, ila ndoa ikivunjika ilimlazimu kuirudisha. Mke akifa bila mtoto ilirudi kwao. Akiacha wana, waliirithi wao. Mume akiikalia baada ya kuachana alitozwa riba ya oboli 9 kwa kila mina kwa mwezi, yaani asilimia 18 kwa mwaka. Kwa hiyo walii makini alidai dhamana kabla ya kutoa fedha: shamba au nyumba ya mume iliwekwa rehani na jiwe likasimikwa mpakani, limeandikwa kwamba ardhi hii imefungwa kwa ajili ya proiksi ya fulani. Mawe kama hayo yamechimbuliwa mengi.

Asiyedai dhamana alijuta, yeye au watoto wake. Baba wa Demosthenes, msemaji maarufu, alipokuwa anakufa alimwachia mpwa wake Aphobos mjane wake pamoja na mina 80. Aphobos alichukua fedha, mjane hakumuoa. Riba ya mina 80 peke yake ni drakma 1,440 kwa mwaka. Demosthenes, aliyeachwa na umri wa miaka 7, alipokua alimshtaki na akashinda kesi; kuzipata fedha zenyewe kukawa kesi nyingine.

Kama hapakuwa na cheti wala ofisi ya ndoa, mtu alithibitishaje kwamba ameoa?

Kwa mashahidi, na kwa kuhakikisha wamekuwa wengi. Ndoa ilianza na engue, yaani makubaliano ya mdomo kati ya walii wa binti (baba, akikosekana ndugu wa baba mmoja au babu wa upande wa baba) na mchumba mwenyewe. Walii alitamka kwamba anamtoa binti ili wazaliwe watoto halali; mchumba akajibu kwamba anapokea; kiasi cha proiksi kikatajwa hapo hapo. Bi harusi hakulazimika kuwepo, wala hakuulizwa. Angeweza hata kuwa mtoto mdogo: dada yake Demosthenes aliahidiwa mume akiwa na miaka 5.

Engue peke yake haikutosha. Ilibidi binti akabidhiwe, ahamie kwa mume, waishi pamoja. Na kukaa pamoja bila engue hakukuzaa watoto halali, hata miaka ikipita. Uzito wa suala hili uliongezeka mwaka 451 KK, sheria ya Pericles, kiongozi wa Athens, ilipoamua kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathens. Kuanzia hapo, shaka juu ya ndoa ya mama iliweza kumpokonya mtoto urithi na uraia.

Ndiyo maana karamu haikuwa anasa. Katika kesi ya urithi wa mtu aitwaye Kiron, mjukuu wake anaorodhesha ushahidi kwamba mama yake alikuwa binti halali wa Kiron na mke wa halali: baba yake alialika rafiki 3 pamoja na jamaa kwenye harusi, aliwafanyia karamu wenzake wa fratria (chama cha undugu cha raia), kama desturi ilivyotaka, na wake wa majirani walimchagua mama yake kusimamia Thesmophoria, ibada ya wanawake kwa mungu wa kike Demeter, ambayo haikuwa ya kila mwanamke. Hakuna karatasi hata moja katika orodha hiyo.

Tunaandaa igizo la harusi ya Athens. Tumeshapanga kuhani, pete, viapo na gauni jeupe. Tunahitaji nini zaidi?

Mnahitaji kupunguza kwanza. Ondoeni vyote vinne. Hapakuwa na kuhani wa kufungisha, wala viapo mbele ya madhabahu, wala pete ya ndoa. Na rangi inayotajwa sana kwa ukaya wa bi harusi ni ya zafarani.

Igizo lianze kabla ya siku yenyewe. Nyumba zote mbili hutoa kafara, na binti humpelekea mungu wa kike Artemis vitu vya usichana wake: vinyago, mshipi, shungi la nywele. Kisha maji ya kuoga. Athens yalichotwa kwenye chemchemi ya Kallirrhoe na kuletwa kwa msafara katika lutroforo, mtungi mwembamba wenye shingo ndefu. Msitumie mtungi wowote tu. Mtazamaji wa zamani alitambua harusi kwa umbo hilo peke yake. Aliyekufa kabla ya kuoa au kuolewa aliwekewa lutroforo ya jiwe juu ya kaburi.

Karamu kwa kawaida huwa kwa baba wa binti, wanawake na meza zao, wanaume na zao. Lazima pawe na mkate wa ufuta uliochanganywa na asali. Mtoto wa kiume ambaye wazazi wake wote wawili wako hai hupita na kikapu cha mikate akisema kwamba ameepuka baya, amepata lililo bora. Bi harusi hukaa amejifunika, na mwanamke wa kumwongoza yuko ubavuni. Kufunuliwa uso mbele ya bwana harusi kuna zawadi zake maalumu. Wataalamu hawakubaliani kama kulifanyika karamuni au baada ya kufika kwa mume, basi pawekeni panapoifaa jukwaa yenu.

Kiini cha igizo kiwe msafara, na uwe usiku. Bwana harusi humshika bi harusi kifundo cha mkono, si kiganja. Picha za kwenye vyombo zinasisitiza jambo hili. Wanapanda kigari cha nyumbu, bi harusi katikati ya mume na mpambe. Mama wa binti hufuata na mienge, watu huimba wimbo wa Hymenaios, mungu wa harusi, na mama wa bwana harusi anangoja mlangoni na mienge yake. Mwanamume aliyewahi kuoa hakwenda kumchukua mke mwenyewe, alitumwa rafiki. Anayetaka mfano wa kuiga autazame mtungi wa mafuta wa mchoraji Amasis ulioko Metropolitan Museum, New York: haufiki sentimita 20 kwa kimo, lakini msafara mzima umo.

Ndani, wawili hao hukalishwa karibu na jiko la moto la nyumba na kumwagiwa tini kavu, tende, kokwa na sarafu. Mtumwa aliyenunuliwa naye alimwagiwa vivyo hivyo siku ya kwanza. Waigizaji wasilisahau hilo wanapotabasamu. Halafu chumbani, rafiki wa bwana harusi akilinda mlango huku wasichana wakiimba nje. Zawadi kubwa huja asubuhi ya pili: vikasha, vyombo, manukato, nguo.

Waliolewa na umri gani?

Msichana miaka 14 hivi hadi 18, mwanamume karibu 30. Aristotle alipendekeza 18 na 37, lakini hayo ni maoni yake.

Je, ni kweli ndugu waliweza kuoana?

Waliochangia baba tu, ndiyo. Waliochangia mama, hapana. Kaka wa baba kumuoa mpwa wake lilikuwa jambo la kawaida, hasa baba akifa bila mtoto wa kiume: binti huyo alidaiwa na jamaa wa karibu zaidi pamoja na mali, ili nyumba isifutike.

Na Sparta?

Huko msichana alisubiri akomae. Usiku wa ndoa alinyolewa nywele, akavishwa joho na viatu vya kiume, akalazwa gizani peke yake. Mume alimwendea kwa siri baada ya mlo na wenzake, kisha akarudi kulala na vijana. Mienge na kigari havikuwemo.

Mke wa Athens aliweza kudai talaka?

Kisheria aliweza, ila mlango wake ulikuwa mwembamba. Mume alimrudisha tu mke kwao pamoja na proiksi, basi. Baba naye aliweza kumtwaa bintiye. Mke aliyetaka kuondoka ilimpasa kupeleka tamko kwa arkoni (ofisa mkuu wa mji) yeye mwenyewe, bila kutuma mtu. Hipparete, mke wa jemadari Alcibiades, alichoshwa na mume aliyeleta makahaba, akahamia kwa kaka yake, kisha akaenda kwa arkoni. Alcibiades alimkamata hapo hapo, akambeba kupitia sokoni hadi nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Plutarch, mwandishi wa kale anayesimulia kisa hicho, anadhani sheria ilimtaka mke aende mwenyewe hadharani ili mume apate nafasi ya kumfikia na kumzuia.