Diski ya Seva Huchaguliwa kwa Namna Inavyougua

Wiki hii kijana mmoja wa kitengo chetu kaniletea profoma ya diski nane za seva ya nyaraka. Karatasi safi, muhuri upo, bei inavutia. Nikasoma modeli, nikavua miwani, nikasoma tena. Diski za kompyuta ya mezani, terabaiti 8 kila moja, zote zifungwe RAID 5, yaani kundi moja la diski ambapo mmoja akifa wenzake hubeba data yake. "Mkuu, si ukubwa ni uleule?" ananiuliza, na uso wa mtu aliyeokoa mamilioni ya shirika. Sikuweza kumkasirikia. Uso huo niliwahi kuuvaa mwenyewe, na nitawaeleza ulinifikisha wapi. Tuanze na orodha kwanza, maana ninyi bila namba hamsomi.

1. Soma modeli nzima, hadi herufi ya mwisho, kisha tafuta karatasi ya kiufundi ya mtengenezaji. Stika ni ya kupendezesha boksi. Diski ikiwa nzima zote zinafanana, zinasoma na kuandika. Unachonunua kwa bei ya juu ni tabia yake siku itakapougua, na uwezo wake wa kuishi na wenzake. Angalia mzigo wa mwaka: za mezani kwa kawaida hupangiwa terabaiti 55, za NAS (kasha la diski linalokaa kwenye mtandao wa ofisi au nyumbani) 180, za seva 550. Gawanya 55 kwa siku 365 upate gigabaiti 150 kwa siku, kusoma na kuandika pamoja. Bekapu yenu ya usiku inazimaliza kabla ya adhana ya alfajiri.

Na msinitajie MTBF, ule wastani wa saa kati ya kifo na kifo. Kuna aliyeniambia saa milioni 2.5 ni miaka 285, eti diski itamzika yeye na wajukuu. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski elfu moja, tegemea tatu au nne zife kila mwaka. Yako inaweza kuwa mojawapo, na ikafa Jumanne.

2. RAID haina subira na mgonjwa. Hapa ndipo pangu.

Mwaka 2014 nilikuwa fundi pekee wa ofisi moja, miezi mitano kazini, kichwa kimejaa upepo. Seva ya uhasibu ilitaka diski sita. Muuzaji akaleta bei, mhasibu akashika kifua. Nikasema niachieni mimi. Nikapanda daladala hadi Kariakoo, nikarudi na diski sita za mezani, terabaiti 3 kila moja, kwenye mfuko wa plastiki, zikigongana kama sahani za shughuli. Namba zake zilifuatana, maana zilitoka katoni moja. Nililiona hilo, nikalifurahia. Zinafanana!

Miezi kumi na minne zilikwenda vizuri, nami nikaota mapembe. Ijumaa moja jioni taa ya diski ya tatu ikawaka njano. Kontrola, kifaa kinachosimamia kundi, imeitoa kundini. Nikaichomoa, nikaipima kwenye kompyuta yangu: inafunguka, inasomeka. Kumbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Diski ya mezani ikikuta sekta mbovu hung'ang'ana nayo, hata dakika nzima na zaidi, kwa sababu imeumbwa kuishi peke yake, na yenyewe isipoisoma hakuna mwingine wa kuisoma. Diski ya seva hujaribu kama sekunde 7, kisha husema nimeshindwa, wenzangu wakamilishe. Ndiyo hiyo TLER, au ERC, mnayoiruka kwenye karatasi. Kontrola yangu ilisubiri, ikaona kimya, ikahesabu maiti. Diski ile ilikuwa na data yake karibu yote. Mimi nikafanya nini? Nikaifomati, nikampa shemeji yangu aliyekuwa anahangaika pa kuweka tamthilia zake.

Nikachomeka mpya, ribildi (kuijaza upya kutoka kwa wenzake) ikaanza, nikaenda nyumbani nikalala vizuri kabisa.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii. Ili kuijaza ile mpya, kontrola lazima isome zile tano zote, mwanzo hadi mwisho: terabaiti 15. Diski za mezani huahidiwa kosa lisilosomeka lisizidi moja katika biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kama terabaiti 12.5. Nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi hiyo, lakini mishahara ya watu nilikuwa nimeiweka juu ya neno "nyingi". Za seva huahidiwa kipeo cha 15, mara kumi.

Jumamosi asubuhi nikakuta asilimia 71, na diski ya tano nayo nje. RAID 5 huvumilia msiba mmoja, haivumilii miwili. Nakumbuka feni za chumba kile zikivuma kama hakuna lililotokea. Nikazima na kuwasha mara tatu. Kisha nikaikumbuka diski ya tatu, nikampigia shemeji.

"Umeiwekea kitu ile diski?"

"Imejaa kaka, asante sana. Nilitaka nikuombe nyingine."

Bekapu? Ilikuwepo. Kwenye patisheni ya pili ya diski zilezile.

Wiki tatu mama wa uhasibu na wasaidizi wake waliingiza upya stakabadhi kutoka kwenye mafaili ya karatasi, vumbi tupu, wakipiga chafya kwa zamu. Hakunifokea hata mara moja. Kila saa nne asubuhi aliniwekea chai na chapati mezani, na zile chapati ziliniuma kuliko barua ya onyo, ambayo nayo ilikuja.

Kwa diski kubwa: RAID 6, inayovumilia misiba miwili, au 10, ambapo kila diski ina nakala yake. Terabaiti 8 zikiandikwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde bila kupumzika ni karibu saa 15, na seva yenye watumiaji haitakupa kasi hiyo.

3. Changanya katoni. Pacha huugua pamoja. Mnadhani natia chumvi? Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao (diski za chipu, zisizozunguka) za SAS, kiunganishi cha seva, zenye famuwea (programu ya ndani ya diski) ya zamani, zitakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa. Miaka mitatu, siku 270 na saa nane, kisha basi, na data haipatikani tena. Machi 2020 likaja tangazo la pili, safari hii saa 40,000. Sasa fikiria diski kumi ulizoziwasha siku moja. RAID gani itakuokoa hapo? Famuwea isasishwe, hata kama "seva inafanya kazi, usiiguse".

4. SMR, diski zinazobana data kwa kuilalisha, isiingie kwenye RAID. Nyuzi za data hulaliana kama makuti ya paa, na ukitaka kubadilisha kuti moja lazima uinue yaliyolala juu yake. Kwa kumbukumbu za kuweka na kusahau hazina neno. Kwenye ribildi zinakwama mpaka kontrola inakata tamaa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red, diski zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR, na wanunuzi waligundua baada ya kuzifunga. Ndiyo maana nasema modeli hadi herufi ya mwisho.

5. "Mpya" ni neno la muuzaji. Mapema 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa zinauzwa madukani kama mpya, SMART zake, yaani kumbukumbu za afya na saa za kazi, zimefutwa zikasoma sifuri. Kilichowaumbua ni FARM, rekodi nyingine ya Seagate iliyo ndani ya diski yenyewe. Kwa Seagate piga amri ya smartctl -l farm kabla hujasaini kupokea mzigo. Kwa zote, kila wiki, angalia sifa za SMART namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta mbovu. Ya 197 ikianza kupanda, agiza nyingine leo.

6. Haya ya haraka. SATA, diski za kiunganishi cha kawaida cha kompyuta, huingia kwenye kiunganishi cha SAS, lakini SAS haiingii kwenye cha SATA, kwa hiyo weka bisibisi chini. Diski mpya ikigoma kuwaka kwenye pawasaplai ya zamani, huenda ni volti 3.3 kwenye pini ya tatu. Haijafa, usiirudishe dukani na kelele. SSD ya seva iwe na kapasita za kuilinda umeme ukikatika, na huko kwetu umeme hukatika. Trei ziagizwe pamoja na diski. Kijana aliyefunga diski kwa gundi ya karatasi anajijua.

Sasa wewe mwenye profoma. Duka linafungwa saa kumi na moja. Irudishe, waandike upya: modeli ya seva, CMR (nyuzi zisizolaliana), nane za kufunga na moja ya akiba, nusu zitoke katoni nyingine, risiti ya EFD. Chukua gari la ofisi, na diski uzipakate mapajani. Bei itakuwa juu sana. Uhasibu wakikuuliza, waambie waje kwangu, nitakuwa nimeandaa chai na chapati.