Ukipima wimbi la P peke yake, maji yatakudanganya

Juzi usiku mwanafunzi mmoja wa jiofizikia hapa Nairobi aliniandikia: "Habari za jioni, kaka. Nina data ya mawimbi ya P peke yake, na muda umeniishia. Nikichukua uwiano wa Poisson kuwa 0.25, siwezi kupata moduli zote za mwamba?" Nilisoma ujumbe huo mara tatu. Wimbi la P ni lile linalobana na kuachia ardhi likipita, moduli ni vipimo vya ugumu wa mwamba, na uwiano wa Poisson ni kiasi kitu kinavyotanuka kando kikibanwa. Mdogo wangu, swali hilo nililijibu "naweza" miaka mingi iliyopita, na jibu lile nusura linitoe katika kazi hii.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Kiwanja kilikuwa bondeni, karibu na mto, upande wa kusini wa jiji ambako udongo mweusi wa pamba umelalia fonolaiti, mwamba mgumu wa volkano. Ilikuwa Mei, masika yamekolea, buti zinazama mpaka kifundoni. Tulitandaza jiofoni 24, vifaa vya kunasa mtikisiko wa ardhi, kwa mstari, kijana wetu akapiga nyundo kwenye bamba la chuma, nasi tukasoma mawimbi yalivyofika. Kuanzia mita 3 kwenda chini, wimbi la P lilikimbia mita 1,520 kwa sekunde. Nikafurahi. Nikaandika: mwamba uliochakaa.

Hesabu ikafuata. Kwa uwiano wa 0.25, kasi ya S, wimbi linalotikisa ardhi kando kando, ni kasi ya P ukiigawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu mita 878 kwa sekunde. Moduli ya mkato, yaani ugumu wa ardhi dhidi ya kusukumwa kando, ni uzito wa ujazo mara mraba wa kasi ya S. Nikaweka kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, nikapata karibu gigapaskali 1.39. Nikaichora kwa rangi, nikatia sahihi.

Wiki mbili baadaye wachimbaji walitoboa shimo palepale. Kwenye mita 5 bomba la sampuli lilitoka limejaa tope la kijivu, laini kiasi kwamba ukilibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki. Mhandisi mkuu aliishika ripoti yangu mbele ya mteja, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mhandisi, mwamba wako uko wapi?" Sikuwa na jibu. Mradi ule nilitolewa, na hakuna aliyeniita pembeni kunieleza nilipokosea. Hilo la pili linaniuma mpaka leo.

Nilijieleza mwenyewe, polepole. Kasi ya P katika maji ni karibu mita 1,500 kwa sekunde. Udongo ukishiba maji, wimbi la P hupita ndani yake karibu kama linavyopita majini, kwa sababu maji hukataa kubanwa. Namba niliyoiita mwamba ilikuwa maji. Wimbi la S ni jingine kabisa: linasukuma chembe kando kando, na maji hayana nguvu ya kupinga mkato, kwa hiyo wimbi hilo haliwezi kuyatumia. Linabebwa na kiunzi cha udongo wenyewe. Ni sababu hiyohiyo inayofanya mawimbi ya S yasipite katika kiini cha nje cha Dunia, ambacho ni kiowevu.

Nilirudi pale kwa nauli yangu. Niliazima ubao mnene wa urefu wa mita mbili, tukaulaza chini, pikapu ikaukanyaga kwa magurudumu ya mbele ili ushike ardhi. Jiofoni zikawa za kulala, zinazosikia mwendo wa kando. Piga ncha ya kushoto mara tano, kisha ya kulia mara tano. Ukiziweka rekodi mbili pamoja, wimbi la S linajitambulisha lenyewe: pale kushoto linapopanda, kulia linashuka, kama mtu na kivuli chake majini. Kelele za malori hazigeuki hivyo. Kasi ilikuwa mita 190 kwa sekunde. Moduli ya mkato: megapaskali 65. Nilikuwa nimeikuza zaidi ya mara ishirini. Na uwiano wa Poisson uliotoka ni 0.49, siyo 0.25.

Basi nasema bila kumung'unya maneno: usikadirie unachoweza kukipima. Pima S. Ukishindwa na ubao, tumia mawimbi ya uso wa ardhi. Nyundo ni ileile, na kasi ya S utaipata. Lakini pima S.

Jingine ni la Nairobi yetu hii. Chini yetu lava zimepangana na majivu ya volkano na nyuso za kale zilizooza kabla lava nyingine haijazifunika. Kwa njia ya mkunjo wa mawimbi, yaani kusoma mawimbi yanayopinda kwenye tabaka lenye kasi zaidi na kurudi juu, tabaka laini lililojificha chini ya fonolaiti ngumu halionekani kabisa. Wimbi halirudi juu kulisimulia. Ukiona kasi kubwa, omba shimo la kuthibitisha. Pia usimpe mhandisi wa msingi moduli ya mawimbi kana kwamba ni ya jengo. Mawimbi hutikisa ardhi kidogo mno, kwa hiyo moduli yake huwa juu kuliko ile itakayoonekana chini ya uzito wa ghorofa, hasa kwenye udongo laini na miamba iliyopasuka. Andika kwenye jedwali ni ipi.

Vijana wenzangu, watu watalala juu ya namba zetu. Mwezi uliopita nilikabidhi ripoti ya kiwanja kingine, P na S zote zimepimwa, na shimo lilipotobolewa udongo laini uliishia pale nilipoandika. Mhandisi alinipigia simu kuniambia hivyo. Nilisimama kando ya barabara nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiwasilishe bado. Omba wiki moja kwa msimamizi wako. Ubao ninao, wa mvule, na Jumamosi haufanyi kazi. Nitumie rekodi ya kushoto na ya kulia kabla hujakokotoa chochote.