Lijue duka kwanza, lugha ya programu itafuata

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, nimemaliza kujifunza misingi ya kuprogramu, nataka nitengeneze programu ya simu. Nianze na Kotlin, Swift au Flutter?" Kotlin ni lugha ya kuandikia programu za Android, Swift ni ya iPhone, na Flutter ni zana ya kuandika mara moja kwa zote mbili. Ujumbe wa aina hii huniijia mara kwa mara. Safari hii najibu hadharani, tena kwa kifua mbele, kwa sababu programu yangu ya kuwakumbusha watu kumeza dawa sasa inapatikana App Store, duka la iPhone, na Google Play, duka la Android. Maduka yote mawili, ndiyo. Waliosema nitaishia njiani waitafute, ipo.

Mdogo wangu, swali lako si baya ila umelianzia mkiani. Lugha utaijua tu, mafunzo yamejaa tele na mengi ni ya bure. Nilichokikosa mimi nilipoanza ni mtu wa kuniambia kwamba mtengenezaji wa programu za simu ni mpangaji mwenye wenye nyumba wawili. Wa kwanza ni mfumo endeshi, yaani Android au iOS ya iPhone, ndio unaoamua programu yako ifanye nini ndani ya simu na isifanye nini. Wa pili ni duka, nalo ndilo linaloamua kama programu itafika kwenye simu ya mtu au itabaki kwenye kompyuta yako.

Watu wengi huwachanganya hawa wawili. Wanasema "Android" wakimaanisha Google Play, na hata waliosomea kompyuta hufanya hivyo. Tazama yaliyoipata Huawei. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliiwekea vikwazo, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google. Android yenyewe haikuondoka, kwa sababu sehemu yake ya msingi, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux, mfumo endeshi mwingine, ni programu huria ambayo kampuni yoyote inaweza kuichukua. Kilichoondoka ni Google Play pamoja na huduma zinazoandamana nayo: ramani, arifa zinazosukumwa kutoka kwenye seva (kompyuta za mbali), malipo. Simu iliwaka vizuri, kamera ilikuwa ya kuringia, lakini mnunuzi alipotafuta programu alizozizoea hakuziona mahali pake. Ikabidi kampuni ikuze duka lake, AppGallery, na baadaye mfumo wake, HarmonyOS. Ukikielewa kisa hicho umeelewa nusu ya somo.

Nusu nyingine utaipata makaburini, kwenye mifumo iliyokufa. Symbian ilitawala simu za Nokia kwa miaka, BlackBerry ilikuwa simu ya wakubwa wa maofisini, na Windows Phone ilikuja mwaka 2010 na sura nzuri mno. Mpaka leo nasema ule ulikuwa mfumo safi kuliko Android ya wakati wake. Microsoft ilifika hadi kuinunua biashara ya simu ya Nokia mwaka 2014. Wapi! Watu hawakununua simu hizo kwa kuwa programu wanazozitaka hazimo dukani, na watengenezaji hawakupeleka programu zao kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Mzunguko huo ukiuanza, fedha pekee hazikutoi.

Hata iPhone ilianza bila duka. Ilipotoka mwaka 2007, Steve Jobs, bosi wa Apple inayotengeneza iPhone, aliwaambia watengenezaji wa programu waandike kurasa za wavuti zitakazofunguka kwenye kivinjari cha simu, basi. Watu walinung'unika, na Julai 2008 App Store ikafunguliwa ikiwa na programu 500 hivi. Android, ambayo Google iliinunua ikiwa kampuni changa mwaka 2005, ilipata simu yake ya kwanza, HTC Dream, mwaka huohuo wa 2008, na duka lake likaitwa Android Market hadi lilipobadilishwa jina kuwa Google Play mwaka 2012. Historia nyingine utaisoma mwenyewe, nina mambo ya kukuambia.

Mwenye nyumba wa kwanza, basi. Unaweza kudhani programu ya kukumbusha dawa ni kazi ya mchana mmoja: saa ikifika, kengele ilie. Nami nilidhani hivyo.

Kwenye iPhone unaukabidhi mfumo orodha ya arifa, nao utazitoa kwa wakati hata programu ikiwa imefungwa. Raha tupu, mpaka ugundue kwamba iOS hutunza arifa 64 tu zinazosubiri kwa kila programu. Mgonjwa mwenye dozi tatu kwa siku anazimaliza kwa siku 21. Mwenye dozi kumi na mbili, na wapo, hafiki hata wiki. Unaweza kupanga arifa inayojirudia kila siku ikahesabika kuwa moja, lakini ukitaka inyamaze kwa aliyekwisha kumeza, au ikome dozi inapoisha, hiyo ya kujirudia haikufai. Kwa hiyo programu yangu kila inapofunguliwa huhesabu zilizobaki na kujaza upya, na arifa ya mwisho kwenye foleni ni ya kumwomba mtu aifungue. Mstari huo mmoja wa maneno niliuandika na kuufuta mpaka nikachoka. Ukisikika kama tangazo watu wanaupuuza.

Kwenye Android shida ni nyingine kabisa. Simu ikizimwa, kengele zote ulizopanga zinafutika. Lazima programu isikilize simu inapowaka ndipo izipange tena. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyolala mezani huahirisha kazi za programu ili kuokoa betri. Android 12 ikaleta ruhusa maalumu ya kengele ya wakati kamili, Android 13 ikataka mtumiaji akubali kwanza ndipo arifa zitokee, na Android 14 ikaifanya ile ruhusa ya kengele isitolewe yenyewe kwa programu nyingi mpya, hadi mtu aingie kwenye mipangilio kuiwasha. Juu ya hayo, baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza mbinu zao za kuokoa betri zinazoua programu bila hodi. Kwenye simu yangu kila kitu kilikwenda kama saa. Kisha mtumiaji mmoja akaniachia nyota moja na maneno haya: "Dawa ya saa mbili usiku, kengele saa tatu kasorobo. Nimeifuta."

Sikulala. Lakini niambie, hapo Kotlin au Flutter ingenisaidia nini? Flutter inakuwezesha kuandika sura moja kwa mifumo yote miwili, na mimi naitumia naipenda, ila sheria za kengele ni za mfumo. Lugha yoyote utakayoandika utazikuta palepale mlangoni.

Sasa mwenye nyumba wa pili, na hapa niwie radhi kama sauti itapanda.

Kabla ya hii programu ya dawa, niliwahi kutengenezea kampuni moja programu nzuri sana. Kampuni yenyewe sitaitaja. Akaunti ya duka ilifunguliwa kwa jina lao, nikapewa ruhusa ya kupakia matoleo mapya kama mgeni. Sura, msimbo (maandishi yenyewe ya programu), picha za dukani, majibu kwa watumiaji, yote yalipita mikononi mwangu, na makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo: ikishika kasi tutagawana. Ilishika kasi. Asubuhi moja nikaingia, nikakuta ruhusa yangu imeondolewa. Hakuna simu, hakuna barua pepe, hakuna "asante dada".

Nikafuatilia. Sheria za maduka ziko wazi: mwenye akaunti ndiye mchapishaji. Programu inaweza kuhamishiwa akaunti nyingine, ila anayeanzisha uhamisho ni yule anayeishikilia. Ukisema uichapishe upya mwenyewe, utahitaji kitambulisho kipya cha programu, lile jina refu lenye nukta katikati, kwa sababu kikishatumika hakirudiwi wala hakibadilishwi. Wateja waliokwisha kuipakua, nyota na maoni yao, vyote vinabaki kule. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka leo nikiiona ile alama yake kwenye simu ya mtu, roho inaniuma. Rangi yake niliichagua mimi.

Kwa hiyo nikikuambia fungua akaunti yako, fungua akaunti yako. Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na usipolipa programu zako zinaondolewa dukani. Tena Xcode, ambayo ndiyo karakana ya programu za iPhone, hufanya kazi kwenye kompyuta za Mac pekee, kwa hiyo hesabu na hiyo, au ukodi Mac iliyo mbali kwa intaneti. Mwenye bajeti finyu aanze na Android, sioni aibu kulisema.

Ila usidhani wepesi wa kulipia ndio wepesi wa kupita. Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa Google Play baada ya Novemba 13, 2023 haichapishi programu moja kwa moja. Kwanza unatafuta watu wa kuijaribu, wakae ndani ya jaribio siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, Desemba 2024 wakapunguzwa hadi 12. Kumi na wawili unawaona wachache? Subiri uanze kuwabembeleza. Marafiki watakuambia "nimeshaiweka", ukiangalia orodha hawamo. Waanze kutafutwa siku unapoanza kuandika msimbo, si siku unapomaliza.

Apple nako kuna binadamu anayeifungua programu yako na kuitazama. Kama ina mahali pa kuingia kwa nenosiri, mwekee akaunti ya majaribio, asipoweza kuingia atairudisha. Kama mtu anaweza kujisajili ndani ya programu, lazima aweze pia kuifuta akaunti yake humohumo. Sharti hilo lilianza kutekelezwa katikati ya 2022. Na maduka yote mawili yanataka sera ya faragha pamoja na maelezo ya data unazokusanya. Mimi ninayeshughulika na dawa za watu nililichukulia hili kwa uzito: majina ya dawa hayatoki kwenye simu ya mtumiaji kabisa. Ukikosa cha kukusanya, hata fomu inakuwa fupi.

Fedha: kamisheni ya duka iliyozoeleka kwa miaka mingi ni asilimia 30 ya bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya programu. Mwaka 2021 wadogo kama sisi, tusiofika dola milioni moja kwa mwaka, tulishushiwa hadi 15. Kuna kesi kubwa juu ya makato haya, maarufu ikiwa ya kampuni ya michezo ya Epic, ambao mchezo wao wa Fortnite uliondolewa kwenye maduka yote mawili mwaka 2020 walipoweka njia yao ya malipo. Umoja wa Ulaya nao umeilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine huko kuanzia 2024. Vijana wanapenda kubishana juu ya hayo usiku kucha wakati hawajachapisha hata kikokotoo. Chapisha kwanza.

Na usome sera. Najua hutazisoma, hakuna anayezisoma, lakini zisome. Matakwa ya Google Play kuhusu toleo la Android unalolilenga hupandishwa kila mwaka. Programu uliyoitelekeza inaweza isionekane tena kwa wenye simu mpya wanaoitafuta. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kuhusu Kotlin, Swift au Flutter: kama unalenga Android pekee chukua Kotlin, iPhone pekee chukua Swift, zote mbili na uko peke yako chukua Flutter. Nimekujibu. Ukiniandikia tena, anza kwa kuniambia akaunti ya duka imefunguliwa kwa jina la nani.