Usihesabu Wageni wa Tovuti Tu, Soma Walichokuja Kutafuta

Wenye biashara wengi hapa Nairobi wakijua kazi yangu huniuliza, "Tovuti yangu inaingiwa na watu wangapi?" Nami huwauliza: wangapi kati yao walipiga simu wiki hii? Wachache sana huwa na jibu. Idadi ya wageni ni namba tamu, lakini hailipi kodi ya duka.

Ukitaka faida ya haraka, anza na Search Console kabla hujagusa Google Analytics. Zote mbili ni zana za bure za Google. Analytics hukuonyesha watu walifanya nini baada ya kufika kwako. Search Console hukuonyesha maneno waliyoandika Google kabla ya kufika, na pia ni mara ngapi tovuti yako ilitokea kwenye matokeo watu wakaipita. Mimi huanzia kwa hao waliopita.

Kuna muuza makochi wa Ngong Road niliyemsaidia. Ukurasa wake mkuu ulijaa Kiingereza cha kujipamba na picha nzuri, bei hakuna hata moja. Tulipofungua ripoti ya Search Console, karibu kila neno la utafutaji lilihusu bei: bei ya kochi la L, bei ya makochi ya watu saba, makochi ya bei nafuu Nairobi. Alikuwa anaonekana sana, anabofywa kidogo mno. Bei aliogopa kuziweka kwa sababu ya majirani. Maduka ya pale yamebanana na kila mtu anachungulia ya mwenzake. Mwishowe alikubali kuandika "kuanzia shilingi kadhaa", tukabadili na kichwa cha ukurasa kitumie maneno ya wateja wenyewe. Mibofyo ilipanda, lakini kilichomfurahisha zaidi ni simu. Badala ya "ni pesa ngapi?", watu wakawa wanauliza kama anafikisha mzigo Kitengela, na kama wanaweza kutanguliza nusu kwa M-Pesa. Anayeuliza usafiri ameshaanza kupima sebule yake. Tukaongeza ukurasa wa maeneo anayofikisha.

Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, hivyo linganisha Januari na Januari ya mwaka jana. Ukiilinganisha na Desemba utajitia presha bure. Januari pesa ya watu iko kwenye karo.

Sasa Analytics. Toleo la zamani liliacha kupokea takwimu mpya Julai 2023, kwa hiyo fundi akikuonyesha mafunzo ya kabla ya hapo, achana nayo. Katika GA4, yaani toleo la sasa, ingia kwenye mipangilio siku ya kwanza uongeze muda wa kuhifadhi data kutoka miezi 2 hadi 14, la sivyo ripoti za uchunguzi wa kina hazitafika mbali. Kisha chuja ziara za intaneti ya ofisini kwako. Nimeona tovuti ambayo mgeni wake mwaminifu kuliko wote alikuwa mwenyewe.

Halafu kitufe cha WhatsApp. Kwa biashara nyingi za hapa, hicho ndicho mlango wa mauzo, si fomu ya barua pepe. GA4 inaweza kurekodi yenyewe mibofyo inayotoka kwenda wa.me, yaani linki inayofungua WhatsApp, nawe ukaifanya kuwa tukio kuu, yaani kitendo unachokihesabu kama mafanikio. Mibofyo ya namba ya simu hairekodi yenyewe. Mwambie fundi akuwekee. Jambo jingine: ukirusha linki kwenye kundi la WhatsApp, wageni wake mara nyingi huonekana kama walikuja moja kwa moja. Weka alama za utm, yaani maneno mafupi yanayoongezwa mwishoni mwa linki kuonyesha imetoka wapi, tofauti kwa kila kundi, ndipo utajua kama ni kundi la chama au la mtaa linaloleta wateja.

Usikusanye majina wala namba za simu za watu ndani ya takwimu hizi. Google wenyewe wanakataza, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Andika ukurasa mfupi unaoeleza unakusanya nini.

Na ukiona wengi wa wanaotumia simu wanaondoka bila kubofya chochote, usikimbilie kulaumu bei. Fungua tovuti yako kwa simu ya bei rahisi, ukitumia bando badala ya WiFi, ukiwa ndani ya matatu Thika Road jioni. Picha zikichelewa, zipunguze ukubwa kabla ya kulipia tangazo lolote.