Dirisha la bibi lisipigwe msasa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nyumba ya marehemu bibi ilipobomolewa Pangani, niliokoa fremu ya dirisha la jikoni. Ina masizi na rangi ya kijani inayobanduka. Nina pia vipande vya nyavu, kufuli lenye kutu na barua zake. Shuleni nilifundishwa kuchonga picha kwenye linoleamu, ile zulia ngumu ya sakafuni, kisha kuipaka wino na kuichapa kwenye karatasi. Nataka vyote viwe kazi moja, ila kaka yangu anasema ni takataka zilizopigiliwa misumari. Je, hii ni sanaa? Na nitachapaje bila mashine?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujashika nyundo, tafuta picha ya kazi ya Betye Saar, mama wa Kimarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1926. Mwaka 1969 alichukua fremu ya dirisha kuukuu, akaweka kwenye kioo kikubwa cha chini kivuli cha msichana mweusi aliyebandika viganja vyake kiooni. Juu yake kuna vioo vidogo tisa, na kila kimoja kina picha yake: kimoja kina simba, kingine mifupa ya binadamu. Kazi hiyo leo iko Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mwonyeshe kaka yako.

Saar alianza na picha za kuchapa, vitu vya kuokota vikafuata. Alikuwa akikandamiza vitu kwenye nta laini iliyopakwa juu ya bamba la chuma, vikaacha alama zao, kisha akachapa. Ndiyo maana nakusihi usizitenge kazi zako mbili, kuchapa na kuunganisha vitu. Nyavu yako inaweza kuwepo mara mbili katika dirisha moja: yenyewe, yenye fundo na chumvi, na alama yake kwenye karatasi. Mtazamaji akiziona pamoja atajua kuna mtu aliyeitumia na sasa hayupo. Kwangu mimi hapo ndipo sanaa ilipo. Kupigilia misumari kila mtu anaweza.

Mashine isikuzuie. Bandika nyavu kwenye kadibodi ngumu kwa gundi ya mbao, ipake vanishi pande zote, uiache ikauke kabisa. Bila vanishi kadibodi itanyonya wino na kuchanika. Pitisha rola yenye wino kidogo, kidogo sana, mpaka usikie inanata. Laza karatasi nyembamba, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda pembeni. Inua kona moja uchungulie. Palipofifia, rudishia na usugue tena. Vitu vya kubandika viwe na unene unaokaribiana. Kufuli halifai hapo, litatoboa karatasi. Hilo litundike lenyewe kwenye fremu.

Na fremu, tafadhali, usiipige msasa! Masizi ya jiko la bibi yako huwezi kuyanunua dukani. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, kagua bungua (mbao za pwani zinaliwa kimyakimya), upake dawa ya mbao kwa nyuma tu. Rangi inayobanduka ishike kwa gundi nyepesi ya maji kwa brashi laini. Nimeona vijana wenye vipaji wakisafisha vitu vyao mpaka vinafanana na samani mpya, na huwa nasikitika sana.

Usijaze kila nafasi. Chagua vitu vitatu au vinne ambavyo ungeweza kunisimulia vilitoka wapi, vingine viweke sandukuni vingoje kazi nyingine.

Kuhusu barua, zile halisi usizibandike kabisa. Gundi na jua la dirishani vitazimaliza. Toa fotokopi utumie hizo, au chonga sentensi moja ya bibi kwenye linoleamu. Herufi uzichonge kinyume ili zisomeke zikichapwa. Kabla ya hapo, waulize shangazi zako kama sentensi hiyo wanaridhia isomwe na watu wa nje.